Kifaa cha kumaliza chaji ya betri kinachojikata chenyewe

Betri ya redio ya upepo ikitoka kwenye chaja na taa ya kijani, wengi huridhika. Taa ile haisemi betri imebeba kiasi gani, inasema tu kwamba chaja imeacha kusukuma. Tena seli zilizochoka hujaa upesi kuliko nzima, kwa kuwa nafasi ya kupokea chaji imepungua. Ndiyo maana kwenye chaja ya redio sita, betri mbovu kuliko zote mara nyingi ndiyo inayowahi kuwasha kijani.

Kujua ukweli wake kuna njia moja: ijaze, kisha imalize huku unahesabu imetoa nini. Hapa Moshi kazi hiyo ina msimu wake. Masika yakipiga, mwezi wa nne na wa tano, mlima Kilimanjaro hutulia na redio za waongoza watalii hulala makabatini. Juni zinatakiwa zote kwa mpigo. Anayezipima wakati wa mvua anakuwa na muda wa kutafuta nyingine. Anayesubiri wageni wafike, betri iliyokufa ataijulia kambi ya Barafu, usiku, mita zaidi ya 4,600 juu.

Mwongozo huu ni wa kifaa kidogo cha kumaliza chaji ya betri za seli sita, za 7.2V, ambazo ndizo nyingi kwenye redio zinazotumia betri za nikeli. Mwishoni nitaeleza kinavyobadilishwa kwa betri za drili za 12V. Unahitaji kujua kulehemu na kutumia mita, basi.

Kumaliza ni rahisi, kuacha ndiyo kazi

Kila fundi anajua njia ya mkato: chukua globu ya pikipiki, ifunge kwenye betri, nenda kale, ukirudi ukute imezima. Shida ni kwamba globu ikizima, betri ilishapita mahali pa kusimama zamani.

Ndani ya betri ya 7.2V kuna seli sita zilizofuatana mstari mmoja, kila moja 1.2V. Ikijaa, betri nzima husoma karibu 8.4V. Ukiiwekea mzigo inashuka kidogo, inatulia kwenye 7.2V hivi kwa muda mrefu, halafu mwishoni inaporomoka ghafla. Kikomo cha seli ya nikeli ni 1.0V ikiwa kazini, kwa hiyo seli sita ni 6.0V.

Seli sita hazilingani hata zikitoka kiwandani siku moja. Dhaifu humaliza kwanza. Tano zilizobaki bado zina nguvu, na umeme wao hauna njia nyingine ila kupita ndani ya ile iliyokwisha. Inageuzwa: chanya yake inakuwa hasi. Inapata moto, inatoa gesi, na hata ukiichaji tena hairudi ilivyokuwa. Ukifanya hivyo mara kadhaa, umeua betri kwa nia njema ya kuisafisha.

Jambo la pili: betri ikifika 6.0V ukaiondolea mzigo, baada ya dakika chache itapanda yenyewe hadi karibu 7V. Haijapata chaji mpya, imepumua tu. Kifaa kisichojua hilo kitakata, kitaona volti zimerudi, kitawasha, kitakata tena, mpaka betri ikauke kabisa. Kwa hiyo tunataka kifaa kinachokata mara moja na kubaki kimekata mpaka mtu akibonyeze kwa mkono.

Betri gani ziingie, gani zikae pembeni

Nikeli-kadmi, zile za redio na drili za zamani, ndizo zinazofaidika zaidi. Zikichajiwa mara kwa mara zikiwa nusu, hujenga mazoea ya kushuka volti mapema, na kuzimaliza vizuri mara mbili au tatu huweza kuzirudisha. Nikeli-metali haidraidi zina tabia hiyo kwa kiasi kidogo. Kwao kifaa hiki ni zaidi cha kupimia.

Lithiamu hazina mazoea hayo kabisa. Usizimalize kwa kudhani unazinoa. Sababu za kuzishusha ni mbili: kupima uwezo wake, au kuzipunguza hadi kama nusu kabla ya kuzihifadhi muda mrefu. Betri ya redio ya 7.4V ina seli mbili za lithiamu, na kikomo ninachotumia ni 6.4V, yaani 3.2V kwa kila seli. Kamwe usishuke chini ya 3.0V kwa seli. Iliyovimba haipimwi, inatupwa.

Betri za risasi, za gari au za solar, hapana. Zikishushwa hadi mwisho na kuachwa hivyo, sahani zake huota salfa ngumu inayokataa chaji.

Na zile seli moja moja za tochi za kichwani hazihitaji mzunguko wote huu. Seli ikiwa peke yake hakuna ya kuigeuza. Rezista ya omu 4.7 ya wati 1 na mita mkononi vinatosha, ikifika 1.0V unaiondoa.

Vitu vya kutafuta

- TL431 moja, ya miguu mitatu
- Relei ya 5V (swichi inayovutwa na koili ya umeme), ile ya bluu ya mraba
- Daiodi nne za 1N4007
- Rezista mbili za omu 10,000 na moja ya omu 1,000
- Rezista ya skrubu ya omu 10,000, ile ndogo ya bluu yenye skrubu ya shaba ya kuzungusha mara nyingi
- Kapasita ya mikrofaradi 100, 16V au zaidi
- Swichi ya kubonyeza, hata ya kengele ya mlangoni
- Globu ya indiketa ya pikipiki, 12V 10W, na soketi yake
- Fyuzi ya ampia 2 na kikalio chake
- Saa ya ukutani ya betri moja
- Ubao wenye matundu, waya nene kiasi, nyekundu na nyeusi

Globu na fyuzi ziko duka lolote la spea za bodaboda. Vingine usikimbilie kununua. TL431 imo ndani ya chaja na bodi za TV chungu nzima zilizokufa. Inakaa jirani na kile kijidude cheusi cha miguu minne kinachotenganisha upande wa umeme mkubwa na mdogo. Mafundi wa TV kuzunguka Mbuyuni wana makopo yamejaa bodi hizo. Inafanana kabisa na transista, kwa hiyo soma maandishi kabla hujaing'oa. Bodi ya TV iliyotoka kwenye umeme karibuni usiiguse mpaka kapasita kubwa imeishiwa.

Kwa nini TL431? Kwa sababu ndani yake mna kipimo cha 2.5V kisichoyumba. Mguu wake wa rejea ukiwa juu ya 2.5V inafungua njia na umeme unapita. Ukishuka chini inafunga. Hicho ndicho tunachotaka, na bei yake ni ndogo. Inabeba hadi miliampia 100, na koili ya relei yetu haifiki huko.

Ipime kabla ya kuilehemu. Ishike upande bapa wenye maandishi ukikutazama, miguu ikielekea chini: kushoto ni rejea, katikati ni anodi, kulia ni kathodi. Unganisha rejea na kathodi pamoja, zipelekee chanya ya betri ya 9V kupitia rezista ya omu 1,000, anodi iende hasi. Mita kati ya kathodi na anodi isome karibu 2.5V. Ikisoma kingine, ama imekufa ama umegeuza miguu.

Relei nayo ina miguu mitano. Miwili inayosoma karibu omu 70 kati yake ni koili. Katika mitatu iliyobaki, miwili inalia kwenye mita relei ikiwa imelala: mmojawapo ni mguu wa pamoja, mwingine ni uliofungwa. Ipe koili 5V isikike "tak", uone mguu wa pamoja umehamia wapi. Huo uliohamiwa ndio ulio wazi wakati wa kulala. Tunatumia wa pamoja na ulio wazi. Ule uliofungwa ukate tu.

Kuunganisha

Chora kwanza kwenye karatasi, kisha fuata hivi.

1. Chanya ya betri iende kwenye fyuzi, na kutoka kwenye fyuzi iende mguu wa pamoja wa relei. Fyuzi ikae karibu na betri iwezekanavyo. Betri ya nikeli-kadmi ikigusana chanya na hasi inaweza kutoa makumi ya ampia, na waya mwembamba utawaka kabla hujanyoosha mkono.

2. Kutoka mguu ulio wazi wa relei vuta waya nene. Huu tuuite mstari wa mzigo. Kila kitu kingine kinakula kutoka hapa, siyo kutoka kwenye betri moja kwa moja. Hapo ndipo siri ya kujikata ilipo: relei ikiachia, hata ubongo wa kifaa unakosa umeme, na betri hainyonywi tena chochote.

3. Swichi ya kubonyeza ifungwe sambamba na relei, upande mmoja mguu wa pamoja, upande wa pili mstari wa mzigo. Ukibonyeza, umeme unairuka relei iliyolala na kufika mstari wa mzigo.

4. Globu: mguu mmoja mstari wa mzigo, mwingine hasi ya betri.

5. Daiodi ya kwanza itoke mstari wa mzigo, mkanda wake mweupe ukitazama mbali na mstari huo. Baada ya mkanda tunapata mstari wa pili, mdogo, wa koili na saa. Daiodi hii inafanya kazi mbili. Inazuia umeme ukija kinyume siku mtu akigeuza betri, na inapunguza kama 0.7V ili koili ya 5V isichemke betri ikiwa imejaa.

6. Koili ya relei: mguu mmoja mstari wa pili, mwingine kathodi ya TL431. Anodi ya TL431 iende hasi.

7. Daiodi ya pili ikae sambamba na koili yenyewe, mkanda ukielekea mstari wa pili. Koili ikikatiwa umeme hurudisha teke la volti nyingi, na bila daiodi hii TL431 haitadumu.

8. Sasa mgawanyo wa volti. Kutoka mstari wa mzigo (siyo ule wa pili, maana tunataka volti halisi) pitisha rezista ya omu 10,000, ifuatiwe na rezista ya skrubu, iishie kwenye mguu wa rejea. Kutoka mguu huohuo wa rejea, rezista ya pili ya omu 10,000 iende hasi. Rezista ya skrubu tumia mguu wa kati na mmoja wa pembeni.

Hesabu yake ni hii. Juu kukiwa na omu 14,000 na chini 10,000, rejea inapata 2.5V pale mstari wa mzigo unapokuwa na 6.0V. Kwa kuzungusha skrubu unaweza kuweka kikomo popote kati ya 5.0V na 7.5V, kwa hiyo 6.0V ya nikeli na 6.4V ya lithiamu zote zimo ndani ya kifaa kimoja.

Angalia viungo kwa jicho kali. Risasi iliyoshika vizuri inang'aa na imetandaa. Iliyokaa kama tone juu ya mguu haijashika, irudie.

Saa ya ukutani

Hiki ni kipande ninachokipenda kuliko vyote, na kinaweza kuachwa kama unataka kumaliza chaji tu bila kupima. Saa ya kawaida inatumia 1.5V. Tukiilisha kutoka mstari wa pili, itatembea muda wote betri inapofanya kazi na itasimama papo hapo relei ikikata. Hukai kulinda.

Kutoka mstari wa pili pitisha rezista ya omu 1,000, kisha daiodi mbili zilizofuatana, mikanda ikielekea hasi. Juu ya daiodi hizo mbili kunapatikana karibu 1.4V. Hapo weka kapasita ya mikrofaradi 100, chanya juu, hasi chini, na waya mbili hadi kwenye nyumba ya betri ya saa. Toa betri yake, lehemu nyaya kwenye vile vibati vya chanya na hasi.

Kabla ya kuanza, peleka mishale yote miwili juu kabisa. Inaposimama soma tarakimu zilizoandikwa, siyo saa tuliyozoea kuisema. Mshale mfupi ukikaribia 2 na mrefu uko kwenye 10, sisi tungesema saa nane kasoro dakika kumi. Hapa ni saa moja na dakika hamsini za kazi. Nimeona watu wakiandika nane kwenye daftari na kufurahia betri isiyokuwepo.

Kuweka kikomo

Kama una chanzo cha umeme kinachorekebishika, au ile moduli ndogo ya kushusha volti ikilishwa na adapta ya 12V, kazi ni ya dakika mbili. Zungusha skrubu hadi rezista yake isome karibu sifuri. Weka chanzo 7.5V, globu ikiwa imefungwa, bonyeza swichi. Relei ishike, globu iwake kwa unyonge. Achia swichi: ibaki imeshika. Sasa shusha chanzo taratibu hadi mita kwenye mstari wa mzigo isome 6.0V. Kisha zungusha skrubu polepole sana mpaka usikie "tak" na globu izime. Pandisha tena hadi 7.5V, bonyeza, shusha, uone inakata wapi. Ikikata kati ya 5.9V na 6.1V, weka tone la rangi ya kucha juu ya skrubu isicheze.

Huna chanzo? Tumia betri yenyewe. Skrubu ikiwa sifuri, anza kuimaliza huku mita ikiwa kwenye mstari wa mzigo. Muda mwingi hutakuwa na la kufanya, lakini ikishapita 6.6V usiondoke, maana mwisho huja haraka. Ikigusa 6.0V, zungusha mpaka ikate.

Pima volti kwenye ubao, mzigo ukiwa kazini. Ukipima kwenye betri utaona kubwa kidogo, kwa kuwa waya na viungo vinakula sehemu yake. Waya nyembamba mno utakufanya ukate mapema na kuisingizia betri.

Kuishika betri

Betri za redio zina vibati vidogo mgongoni, mara nyingi vitatu au vinne, na viwili tu ndivyo vyenye volti. Vingine ni vya kupima joto au kuitambulisha betri kwa chaja. Usilehemu chochote juu yake. Tafuta chaja ya mezani iliyokufa ya redio hiyohiyo, ifungue, ng'oa bodi, lehemu nyaya zako kwenye springi zake. Unapata kikalio kinachoshika betri sawasawa, na hakiruhusu kuigeuza.

Kupima

Chaji betri mpaka mwisho, kisha iache itulie kama saa moja. Weka saa kwenye 12, ingiza betri, bonyeza swichi na uishikilie sekunde moja hivi. Globu ikiwa baridi hunywa umeme mwingi mwanzoni. Achia.

Hesabu inataka ujue ampia. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, kata njia ya chanya na uipitishe mitani. Kwa globu hii na betri ya 7.2V utaona kitu kama 0.65A, koili ikiwa ndani yake. Soma tena katikati ya kazi, na hiyo ya katikati ndiyo uitumie. Ukimaliza rudisha waya wa mita kwenye tundu la volti wakati huohuo. Ukisahau, siku utakapopima volti utakuwa umeunganisha chanya na hasi kupitia mita.

Globu nimeichagua badala ya rezista nyeupe ya saruji kwa sababu mbili. Inaonekana ukiwa upande wa pili wa duka. Na waya wake ukipoa upinzani hupungua, hivyo volti zikishuka ampia haziporomoki sana, na hesabu inakuwa nyepesi.

Tuseme betri imeandikwa 1500mAh na saa imesimama baada ya saa moja na dakika hamsini. Hiyo ni saa 1.83 mara 0.65A: karibu 1.19Ah, au 1190mAh. Ni asilimia 79 ya kilichoandikwa. Kawaida asilimia 80 huchukuliwa kuwa mpaka. Chini ya hapo betri inazeeka. Lakini kumbuka kiwango cha kwenye lebo hupimwa kwa kushusha polepole, kwa muda wa kama saa tano, na sisi tunashusha kwa saa mbili. Betri nzima inaweza kusoma pungufu kidogo hapa bila kosa lolote. Nikeli-kadmi ikisoma pungufu, ichaji na uimalize tena mara mbili. Namba ikipanda, endelea. Ikibaki palepale, huo ndio uwezo wake.

Andika namba na tarehe kwenye kipande cha teipu, bandika mgongoni mwa betri. Sasa unaweza kugawa kwa akili: zenye namba kubwa ziende na wanaolala juu, zilizochoka zibaki getini na ofisini karibu na chaja.

Wa juu wana tatizo jingine, baridi. Seli yoyote hutoa kidogo ikipoa, na joto la Moshi mjini halikuonyeshi hilo. Ukitaka picha ya karibu, funga betri iliyojaa ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza unyevu, ilaze kwenye friji (siyo friza) usiku kucha, ipime mara tu ikitoka. Kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, hali ni kali zaidi ya friji, kwa hiyo betri iliyopoteza theluthi yake hapo usimpe mtu wa Uhuru. Na betri ya akiba ikae ndani ya koti, jirani na mwili, siyo kwenye mfuko wa nje wa begi.

Jambo moja la kutazama wakati wa kupima: volti zikianguka kwa zaidi ya 1V ghafla, mapema, halafu zikatulia tena, kuna seli moja imekwisha kabla ya wenzake. Zima hapohapo kwa kutoa betri. Usitegemee kikomo cha 6.0V kikuokoe, kwa kuwa seli tano zenye afya zinaweza kukaa juu yake kwa muda zikiichoma ya sita.

Fanyia kazi hii juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na mapazia na magodoro, na uwe macho. Lithiamu hasa isipimwe usiku watu wamelala. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Kifaa kikishakata, usibonyeze tena eti volti zimerudi.

Zilizokufa za nikeli-kadmi zisiishie kihambani (shamba la nyumbani) wala kwenye moto wa taka. Kadmi ni sumu, ikiingia kwenye udongo haiozi, na mimea huifyonza. Ziba vibati vyake kwa teipu, zikusanye kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, uzikabidhi kwa wanaopokea taka za elektroniki.

Kwa drili ya 12V

Drili ya 12V ya nikeli ina seli kumi. Tumia relei ya 12V badala ya 5V. Kwenye UPS mbovu huenda ukaipata. Rezista ya juu, ile ya omu 10,000 kabla ya skrubu, ibadilishe iwe 27,000. Kikomo sasa kinaweza kuwekwa kati ya 9.2V na 11.7V. Kwa kanuni kingekuwa 10.0V, lakini kadiri seli zinavyokuwa nyingi ndivyo moja dhaifu inavyojificha zaidi, kwa hiyo mimi huweka 10.5V na sijali kupoteza chaji ile ndogo ya mwisho. Globu ni ileile, na sasa itawaka kwelikweli. Soketi yake iwe ya chuma au ya kauri. Ampia zitakuwa juu ya 0.8, pima upya.

Kikigoma

Globu inawaka ukibonyeza, ukiachia inazima: betri iko chini ya kikomo, au skrubu umeizungusha mno. Pima mstari wa mzigo huku umebonyeza.

Relei haishiki kabisa ingawa globu inawaka na volti ziko juu ya kikomo: TL431 imegeuzwa miguu, au daiodi ya kwanza imekaa kinyume.

Haiachii hata volti zikipita kikomo: toa betri upesi. Mara nyingi rezista ya chini, ile ya kutoka rejea kwenda hasi, haikushika risasi, na rejea inaona volti nyingi kuliko zilizopo. Vinginevyo TL431 imeungua na kuwa kama waya. Ukiigusa mita kati ya kathodi na anodi italia.

Inatetemeka na kulia kama nyuki karibu na mwisho: kiungo kimelegea mahali fulani kati ya betri na relei, au springi za kikalio zina kutu. Sugua kwa msasa laini, kaza, jaribu tena.

Saa inasimama na globu bado inawaka: pima juu ya zile daiodi mbili. Zikiwa chini ya 1.2V, moja imeungana ndani, ibadilishe.